Mshika Kiondo: Maisha ya Josphat Muthamia Kiambi, 1969–2025

Mchungaji, wazee, wakwe zetu mliotoka Ishiara kabla hakujapambazuka, majirani wa Timau, na ninyi nyote mliovumilia baridi hii tangu asubuhi, familia inawaomba utulivu wenu, kwa maana haya ni maisha ya mtu mmoja, na yatasomwa jinsi alivyoyaishi, pamoja na wivu wake, kwa sababu hakuna aliyemjua Muthamia ambaye hakuujua wivu huo, na tukiuacha nje mtadhani tunamzika mtu mwingine.

Josphat Muthamia Kiambi alizaliwa tarehe 9 Juni 1969 hapa Timau, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Zakaria Kiambi, dereva wa trekta katika mashamba ya ngano, na mama Rael Kananu, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo, ameketi pale mbele chini ya blanketi la bluu. Mwaka 1972 alipozaliwa dada yake Tabby, na wanawake wa mtaa wakaja na uji kumwona mzazi kama ilivyo desturi, mtoto huyu wa miaka mitatu alisimama mlangoni akawaambia mtoto amelala na mama amelala na uji uachwe hapo chini, na mama Rael anasema alikuwa na sauti ya askari, kumbe hakutaka mwingine asifiwe ndani ya nyumba yake. Alipokua kidogo baba yake alimpa kazi ya kukaa kwenye mfereji wa maji, ambao nyumba kadhaa ziliutumia kwa zamu, ili zamu ya kwao isiibwe, naye akailinda hata wakati haikuwa zamu ya kwao, mpaka majirani wakawa wanasema, “Kijana wa Kiambi akiwa kwa mfereji, hata chura anaomba ruhusa.”

Alisoma shule ya msingi hapa Timau kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha shule ya upili ya bweni karibu na mji wa Meru kuanzia mwaka 1983 hadi 1986, ambako alikuwa wa kwanza darasani mihula yote isipokuwa mmoja, na katika muhula huo mmoja hakumsalimia aliyempita, ingawa walilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu na mwenzake chini. Mwaka 1988 alijiunga na chuo cha ufundi jijini Nairobi kusomea elektroniki, akahitimu mwezi wa Novemba mwaka 1990, na tangu Januari 1991 alifanya kazi Embu, akitengeneza mizani na redio za viwanda vya kahawa, na ni huko ambako alijifunza kompyuta kwa kuzifungua, wakati ambapo watu wengine waliogopa hata kuzifuta vumbi.

Embu ndiko alikokutana pia na Beverlyne Ciku, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Ishiara huko Mbeere, naye akampenda kwa namna yake, yaani kwanza aliwachukia walimu wote wa kiume wa shule ile. Wazee wa Kiambi walikwenda Ishiara kupeleka mahari kwa mujibu wa mila, wakapokewa vizuri na mama mzazi wa Ciku, Bi Liberata Igoki, na harusi ilifungwa katika Kanisa la Methodisti hapa Timau siku ya Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998, ambapo bwana harusi alikubali kila mtu acheze na bibi harusi, akahesabu hadi mwisho wa wimbo wa kwanza, kisha akazima redio akisema betri imeisha, na redio ile ilikuwa ya stima. Walijaliwa watoto watatu, Felicitas Kananu aliyezaliwa mwaka 2000 na kupewa jina la nyanya yake, Zakaria Kiambi aliyezaliwa mwaka 2003 na kupewa jina la babu yake, na Maxine Igoki aliyezaliwa mwaka 2009 na kupewa jina la nyanya wa Ishiara.

Tarehe 2 Septemba 1996, kabla ya ndoa, alikuwa amekwisha ajiriwa na Sacco ya Nguzo Tatu katika makao yake makuu mjini Meru, na hapo alidumu kwa maisha yake yote ya kazi. Wakati huo Sacco ilikuwa na kompyuta mbili na mashine ya kuchapa. Mwaka 2007 iliponunua seva yake kubwa ya kwanza, ni Muthamia aliyeipokea kwenye lori, akaifungua mbao kwa mikono yake, akaiwasha, na tangu siku hiyo akaiita “ile yangu.” Mwaka 2011 seva ya pili ilifungwa Embu kuwahudumia walimu, wakulima wa kahawa na watu wa Mbeere, na mwaka 2014 ya tatu ikawekwa Nchiru, si kwa kazi ya kila siku bali kwa dharura, ili Meru au Embu ikianguka, Nchiru isimame badala yake.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuielewa kazi yake, naye alituambia ni wengi, ilikuwa hivi. Seva kubwa ya namna ile huja kutoka kiwandani ikiwa na prosesa nyingi ndani, na prosesa ndizo zinazopiga hesabu zote, lakini mnunuzi haruhusiwi kuziwasha zote, anawasha zile tu alizolipia leseni, na zilizobaki hulala humo humo ndani ya mashine kama vitanda vya wageni. Zamani kila seva ilikuwa na leseni zake, za Meru zilikuwa za Meru na za Embu za Embu, hata kama siku ya bonasi ya chai Meru ilikuwa inahema na Embu inapiga miayo. Kuanzia tarehe 1 Julai 2016 Sacco ilikubaliana na kampuni iliyounda seva hizo kwamba zote tatu ziwe kundi moja, leseni ziwe mali ya kundi, na mtu mmoja akae kwenye kompyuta ya usimamizi, azihamishe kutoka seva hii hadi ile kadiri kazi inavyoelemea upande. Leseni hizo za pamoja wafanyakazi waliziita kiondo, yaani kikapu, kwa sababu kila upande ulitia mkono humo, na mtu aliyepewa kukishika kiondo alikuwa Josphat Muthamia.

Hapo ndipo maisha yake yalipopata jambo la kuyatetea. Alikuwa akisema, “Kizuri kula na nduguyo, lakini sahani nishike mimi,” na alimaanisha hivyo, kwa kuwa kila leseni iliyotoka Meru kwenda Embu, hata kwa saa chache, ilitoka kama jino. Na upande wa Embu kulikuwa na mtu, tangu mwaka 2015, ambaye jina lake lilitajwa nyumbani kwetu kuliko la mbunge, naye ni Bi Leylo Sakariye Isaack, binti wa msafirishaji wa mji wa Maua, aliyesomea kompyuta chuoni pale Nchiru, mdogo kwa marehemu kwa zaidi ya miaka ishirini, na aliyeiendesha seva ya Embu kwa prosesa chache na kwa utulivu mwingi, hadi wakuu wakamsifu kwenye mkutano wa mwaka. Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo akavua viatu, akakaa, akasema, “Mtu akinyimwa chakula na asilie, siku hizi anapigiwa makofi,” na hakuna aliyemkumbusha nani alikuwa mnyimaji.

Simu zao tulizisikia, kwa sababu alizipokea kwa sauti hata mezani.

“Mzee, habari ya asubuhi. Naomba mbili mpaka jioni, mishahara ya walimu inaingia.”

“Za nini tena? Juzi si nilikupa.”

“Juzi ulinipa moja, na ukaichukua kabla ya chai ya saa nne.”

“Basi ulipata chai yako na prosesa yangu. Unataka nini zaidi, binti Sakariye?”

Leylo angecheka, na kicheko hicho kilimuudhi marehemu kuliko matusi, na mwishowe Muthamia angetoa moja, au mbili ikiwa alikuwa amelala vizuri. Mama Ciku, mkewe, naye alikuwa na lake, kwa maana wivu haukai chumba kimoja katika nyumba, na jioni moja alimwambia mbele ya watoto, “Ukipigiwa simu na mimi unasema niko kazini. Ukipigiwa na Embu unasimama wima. Hiyo kiondo ungeioa wewe, na mimi ungeniacha Ishiara nilime ndengu zangu.” Marehemu alijibu kwamba kiondo hakidai mahari, na akalala njaa, si kwa sababu chakula hakikuwepo, bali kwa sababu sahani siku hiyo ilishikwa na mwingine.

Familia haisomi haya kumhukumu. Kuna wivu wa mtu asiyetaka mwenzake apate, na kuna wivu wa mtu aliyelea kitu tangu kikiwa kichanga, anayeogopa kwamba kikishapita mikononi mwa wengine hakuna atakayekumbuka nani alikilea, na marehemu alikuwa na wa aina zote mbili, siku nyingine huu na siku nyingine ule, na pengine yeye mwenyewe hakujua kila mara ni upi umeamka naye.

Tarehe 9 Desemba 2019, shule zikiwa zimefungwa na Embu imetulia, alichukua leseni kadhaa za Embu akazipeleka kwenye seva ya Nchiru, ambayo haikuwa na kazi yoyote, akasema ni tahadhari ya sikukuu, ilhali nia yake ilikuwa Januari ikifika Leylo azikose, apige simu, aombe. Lakini leseni hizo zina sheria yake. Ukiiondoa leseni kwenye seva wakati seva bado inaitumia, prosesa haizimiki, inaendelea na kazi, ila kompyuta ya usimamizi inaihesabu kuwa haijarudishwa, na kampuni inatoa muda irudishwe, na muda huo ukipita kundi zima linafungwa, hakuna seva hata moja inayoweza kuongezewa chochote, iwe ya aliyenyang'anya au ya aliyenyang'anywa. Onyo hutokea kwenye skrini moja tu, ya mshika kiondo. Marehemu aliliona, akalinyamazia, kwa kuwa kumwambia Leylo azirudishe kungekuwa kumwambia kwamba amezichukua, na yeye alitaka kuombwa, hakutaka kuomba. Leylo kwa upande wake hakuona tofauti yoyote, seva yake ilikuwa inakwenda kama kawaida, na Krismasi ikawapita wote wawili wakiwa kimya, mmoja kwa kujua na mwingine kwa kutojua.

Muda uliisha sikukuu zikiendelea. Siku ya Ijumaa tarehe 3 Januari 2020, shule zikitarajiwa kufunguliwa Jumatatu, wazazi wa Meru, Embu na Mbeere walifika kutoa pesa za karo kwa wakati mmoja, na kufikia saa nne asubuhi seva zote mbili, ya Meru na ya Embu, zilikuwa zimelemewa, makarani wanatazama skrini zisizojibu, na simu za wanachama zinasema jaribu tena baadaye. Marehemu alijaribu kuzileta Meru zile alizoficha Nchiru, kompyuta ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa kwa maneno yale yale, na hapo akaelewa kwamba amejifungia nje ya nyumba aliyoijenga.

Huko Ishiara, kwenye tawi la Sacco lililotegemea seva ya Embu, foleni ilikuwa imetoka mlangoni hadi barabarani, na ndani ya foleni hiyo, akiwa na mwavuli wake, alisimama Bi Liberata Igoki, mama mkwe wa marehemu, aliyekuja kutoa pesa za karo ya mjukuu wake anayeingia kidato cha kwanza. Wote mnaotoka pande hizi mnajua kwamba mtu na mama mkwe wake, ambao huitana muthoni, ni watu wa kuheshimiana kwa umbali, hamtazami usoni, habishani naye, na mama naye hamdai mkwe chochote kwa kinywa chake. Kwa hiyo Bi Igoki hakumpigia marehemu. Alimpigia binti yake, na binti yake akampigia mumewe kazini.

“Baba Kananu, mama amesema nikuambie kitu.”

“Mama yuko wapi?”

“Yuko Ishiara kwa laini, pamoja na Ishiara nzima. Anasema hakuulizi wewe kitu, hawezi kuuliza muthoni wake. Anauliza tu hewani, kama mashine imekufa ama imenuna.”

Marehemu aliweka simu chini, akaitazama, akaiinua tena, akapiga Embu, na kwa mujibu wa wote waliokuwa chumbani, hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu kiondo kianze kwa yeye kupiga simu upande huo badala ya kupigiwa.

“Binti Sakariye, kuna prosesa unatumia huko ambazo leseni zake ziko Nchiru.”

“Nchiru? Nani alizipeleka Nchiru?”

“Nilizipeleka mwezi uliopita. Sasa kundi limefungwa. Zitoe kwanza kwako, ndiyo lifunguke.”

“Nizitoe leo, Mzee? Na watu wamejaa hivi? Embu itasimama kabisa.”

“Itasimama kidogo.”

“Na nikizitoa, zitarudi?”

“Zitarudi.”

“Zitarudi wapi?”

Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayeuliza njia, na marehemu alimwambia mama Ciku baadaye kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuulizwa swali lililomvua nguo kama hilo, kwa sababu yule binti alikuwa na haki ya kuliuliza. Akajibu, “Embu.” Leylo akazitoa, na Embu ikasimama, makarani wa Ishiara wakainua mikono, watu wakaguna, na kundi likafunguka, na kwa dakika hizo leseni zote zilizokuwa Nchiru zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, ambaye nyuma ya kiti chake alisimama meneja wa tawi la Meru akimwambia, “Anza na sisi, Muthamia, watu watavunja mlango.” Akaanza na Embu. Alizipeleka Embu zote, zile alizochukua na nyingine juu yake, na ile yake ya Meru akaiacha ihangaike na foleni yake hadi saa kumi na moja jioni, na watu wa Meru walimnunia mpaka Pasaka. Wako wanaosema alifanya hivyo kwa kumwogopa mama mkwe, na familia haina neno la kupinga, ila tunaongeza tu kwamba Bi Igoki alikuwa nyumbani na karo yake mfukoni kabla ya saa saba, na marehemu aliendelea kuziacha leseni zile Embu wiki nzima.

Mwezi wa Februari 2020 halmashauri ya Sacco iliitisha kikao Embu kutaka kujua nini kilitokea. Marehemu alikwenda akiwa amevaa suti ya harusi yake, akiamini kwamba anakwenda kuvuliwa kiondo, na kwamba Leylo, mwenye kumvua, amepata ushahidi wote anaouhitaji. Leylo alipoulizwa alisema kwamba kundi lilifungwa na wao wawili wakalifungua, akaketi. Alipobanwa zaidi alisema mambo ya leseni ni mengi na hata yeye angepitiwa. Halmashauri ikamwachia marehemu kiondo, na kuanzia mwezi wa Machi ikamfanya Leylo kuwa msaidizi wake, awe anaona skrini ile ile. Marehemu alirudi nyumbani amekasirika kuliko siku zote, na mama Ciku alipomuuliza kwa nini, na hali ameponea, alisema, “Hata uungwana ameniwahi.”

Miaka iliyofuata walifanya kazi pamoja jinsi wakwe wanavyoishi mtaa mmoja. Hakuzificha tena leseni, lakini hakuacha kuzichunga, na kila Leylo alipohamisha kitu, simu yake ingelia kabla hajaondoa mkono. Mwaka 2022 Embu ilipata seva mpya, na marehemu alipokwenda kikaoni aliipita bila kugeuza shingo, kama mtu anayepita gari jipya la jirani, kisha akarudi Meru akaipangusa ile yake kwa kitambaa cha miwani. Kijana aliyefanya kazi chini yake pale Meru, Mutwiri, ambaye yuko hapa na ambaye marehemu alimpenda kama mwanawe, alimuuliza kama ile mpya ni nzuri, naye akasema, “Sikuiona vizuri. Ina taa za kijani tatu kushoto, na feni yake haipigi kelele.”

Mwezi wa Agosti 2023 alianza kuvimba miguu, akapimwa mjini Meru, na ikagunduliwa kwamba shinikizo la damu lililokuwa naye kwa miaka mingi lilikuwa limeharibu figo zote mbili. Kuanzia tarehe 8 Januari 2024 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, kwa mashine ambazo wagonjwa wanazitumia kwa zamu, na hapo pia alipata mashine aliyoipenda, ile ya dirishani, na alipoikuta siku moja ina mzee mmoja kutoka Mikinduri, muuguzi akamwambia, “Mzee, hizi mashine zote zinasafisha damu sawa,” akajibu, “Sijasema hazisafishi. Nimesema ile ni yangu.” Mzee wa Mikinduri alicheka mpaka mashine ikapiga kengele, na wakawa marafiki, ingawa dirisha hawakupeana.

Katika ugonjwa huo hakuachia kiondo. Alikishika akiwa kitandani, kompyuta ndogo juu ya mto, akihamisha leseni kwa vidole vilivyovimba, na wakubwa wake walivumilia kwa heshima, lakini mkataba wa leseni ulikuwa unaisha mwezi wa Septemba 2025, na katika mkataba mpya kampuni ilitaka jina la mshika kiondo mwenye afya. Siku ya Jumamosi tarehe 20 Septemba meneja mkuu na wajumbe wawili wa halmashauri walikuja nyumbani, wakanywa chai, wakamwomba maoni yake, kwa kuwa watu wa Meru walimtaka Mutwiri na watu wa Embu walimtaka Leylo. Alichosema siku hiyo tutakisoma mahali pake. Tarehe 1 Oktoba Leylo Sakariye alitangazwa kuwa mshika kiondo, na watu wengi walichukulia, naye mwenyewe akachukulia, kwamba halmashauri imempa juu ya kichwa cha mgonjwa.

Jumamosi tarehe 4 Oktoba alikuja hapa Timau kutoka Embu, na maziwa na ndizi, kumwomba marehemu baraka. Marehemu alimpokea akiwa ameegemea ukuta. Alisema, “Wamekupa,” naye akajibu, “Wamenipa, Mzee, sikuomba.” Akamuuliza Meru sasa iko na ngapi, akamwambia. “Zimepungua,” akasema marehemu, “usizipoteze,” kisha akageukia dirisha, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo yao hapa duniani. Leylo aliondoka bila kumaliza chai.

Hali yake ilibadilika usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12, akarudishwa hospitalini, na siku ya Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na mkewe na binti yake Felicitas, alitutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Ameacha mama, mjane, watoto watatu, dada yake Tabby, na ndugu wengine watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa karibu miaka miwili, na hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyempangia dirishani kila ilipowezekana bila kumwambia mtu. Tunamshukuru mzee wa Mikinduri, aliyekuja leo kwa fimbo. Tunawashukuru majirani waliolala na mama Rael, kikundi cha akina mama cha kanisa kilichopika tangu Jumatano, wakwe zetu wa Ishiara, na Bi Liberata Igoki, aliyetuma neno kwamba mkwe wake hakuwahi kumkosea heshima. Tunaushukuru uongozi wa Sacco ya Nguzo Tatu na wafanyakazi wake wa Meru, Nchiru na Maua.

Wafanyakazi wa Embu tumewaacha mwisho kwa makusudi. Bi Leylo Sakariye, uliyeketi pale na wenzako, tarehe 20 Septemba meneja mkuu alipomuuliza marehemu kiondo apewe nani, Felicitas alikuwa amemshikia mto, na maneno aliyosema ni haya: “Mutwiri ni mtoto mzuri, ataitunza kwa sababu ameambiwa. Yule msichana wa Maua ataitunza kwa sababu hataki mwingine aiguse. Mimi naujua huo ugonjwa. Mpeni yeye.” Meneja alipomuuliza kama ana hakika, alisema alikuwa na hakika tangu siku ile ulipomuuliza zitarudi wapi. Kisha akawaapisha wote waliokuwa chumbani, mama Ciku akiwamo, kwamba usijue ni yeye aliyekutaja, kwa sababu ungemshukuru, na yeye hakutaka kushukuriwa na wewe, angependa uone umepewa na halmashauri, uendelee kumwonea wivu kidogo, kama yeye alivyokuonea. Tulimkubalia, na leo tumeshindwa kutimiza, na kwa hilo tunamwomba radhi mbele yenu nyote.

Josphat Muthamia, mwana wa Kiambi, kazi yako iko mikononi mwa yule uliyemchagua, na mama Ciku ametuambia tukuambie kwamba sasa hakuna anayekugombania naye. Pumzika kwa amani ya Bwana, mahali hapo ni pako peke yako.